Mazungumzo ya Nyumbani: Bibi Alale Chumba Gani Melini?



Juma lililopita nilipata barua ya mama mmoja wa hapa Mwanza, na kwa kuwa najua si yeye peke yake mwenye swali hili katika miezi hii ya kuelekea Noeli, naona yafaa nimjibu mbele ya wote. Mama huyu aeleza kwamba shemeji yake mdogo atapewa daraja takatifu ya upadre huko Bukoba, na jamaa yote yakwenda: baba mkwe na mama mkwe, yeye na mumewe, na watoto wao wanne. Binti ana miaka 15, wavulana wawili wana miaka 12 na 9, na wa mwisho ni mtoto wa kunyonya wa miezi 10. Watu wanane. Kaka mkubwa wa mumewe, afanyaye kazi Dar es Salaam, ametuma fedha pamoja na neno hili: wazazi wake walale daraja la kwanza, na wengine watajua wenyewe.

Basi mama huyu amepiga hesabu. Babu na Bibi wapate chumba cha daraja la kwanza chenye vitanda viwili, na wale sita wengine waingie wote katika chumba kimoja cha daraja la pili chenye vitanda sita. Aniuliza kama hesabu yake ni sawa.

Mama, hesabu yako ni sawa kabisa. Lakini umeihesabia vitanda, nami nataka tuihesabie usiku.

Kwanza niseme ya kuwa umefanya vema kuchagua meli. Wapo watakaokucheka, hasa tangu daraja la Kigongo na Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025, maana sasa gari halingoji tena kivuko, nalo basi lafika Bukoba mchana mmoja. Kwa kijana ni sawa. Lakini umeandika ya kwamba miguu ya Bibi huvimba akiketi muda mrefu, na Babu hawezi kukaa saa mbili bila kwenda msalani. Ndani ya basi mzee wa namna hiyo huteswa mara mbili, kwa maumivu yake na kwa aibu ya kumwomba dereva asimame. Melini mtu hunyosha miguu, hulala, huamka, hutembea. Hii ndiyo faida ya meli kwa wazee, wala hakuna nyingine kubwa kuipita. Kwa hiyo chumba kisichomwezesha mzee kulala, kuamka na kutembea bila hofu kimeiondoa faida yote ya meli, hata kikiwa na pazia zuri namna gani.

Nasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe nilikosa, na kosa langu lilimwangukia mama yangu mzazi.

Miaka kadhaa iliyopita tulisafiri naye kwa meli ya usiku. Sitaitaja meli, maana kosa halikuwa la meli. Nilikuwa nimeweka akiba, nami nikataka watu waone ya kwamba mama yangu ana watoto. Nikamkatia daraja la kwanza, chumba cha juu chenye dirisha na shuka nyeupe. Fedha ilitosha kitanda kimoja tu cha namna ile. Sisi wengine tukalala daraja la pili, sitaha ya chini. Kitanda cha pili cha chumba chake alipewa mama mmoja mgeni, mtu mpole, mfanyabiashara, ambaye alisalimu, akageukia ukuta, akalala. Nilimpandisha mama yangu ngazi ya chuma, nikamlaza, nikamfunika. Nikashuka kwa furaha. Asubuhi nikapanda kumchukua, nikamkuta ameketi kitandani, amevaa, kikapu kipo magotini. Nikamwuliza, "Mama, umelalaje?" Akajibu, "Vizuri, mwanangu. Mungu akubariki."

Ilipita miezi, ndipo binti yangu aliponiambia habari yenyewe, maana bibi na mjukuu hawafichani. Mama yangu hakulala hata saa moja. Tangu jioni alikuwa ameacha kunywa maji, ili asije akahitaji kwenda chooni, kwa sababu hakujua choo kipo upande gani wala jinsi ya kufungua kitasa cha mlango ule mzito. Usiku alihitaji vivyo hivyo. Alijaribu kitasa gizani, akashindwa, akaona haya kumwamsha mgeni, akarudi kuketi. Aliketi hivyo mpaka kulipokucha, katika chumba kizuri kuliko vyote alivyopata kulala maishani mwake. Mwaka uliofuata, tulipozungumza habari ya safari, alisema tu kwamba yeye basi lamfaa zaidi.

Ndugu wasomaji, mwaona wenyewe. Nilikuwa nimechagua chumba kwa ajili ya saa tatu ya usiku, saa ya kupanda melini, wakati watu wote wako macho na taa zawaka, na majirani watazama nani anaingia mlango gani. Sikuchagua kwa ajili ya saa nane ya usiku. Saa nane ndiyo saa ya kuchagulia chumba cha melini. Saa hiyo mzee huamka, mtoto mchanga hulia, mwenye kichefuchefu hutapika, na upepo, kama upo, huwa umekwisha kushika chombo. Jiulizeni: saa nane Bibi akiita, nani atamsikia? Akisimama, atashika nini? Toka kitandani mpaka chooni ni hatua ngapi, na kuna kizingiti? Mkiweza kujibu maswali hayo kwa kila mtu wenu, mmekwisha kuchagua. Daraja la kwanza na la pili yatajipanga yenyewe.

Sasa tuitazame meli yenyewe. Meli zetu za usiku, toka siku za MV Victoria iliyounganishwa Kisumu na kuanza kazi mwaka 1961 (nayo ikarudi majini mwaka 2020 baada ya matengenezo makubwa), zimekuwa na desturi moja. Daraja la kwanza ni vyumba vya watu wawili, kwa kawaida juu. Daraja la pili la kulala ni vyumba vya vitanda vingi zaidi, vinne au sita, kitanda juu ya kitanda. Kisha kuna viti vya daraja la pili, na viti vya daraja la tatu. Watu wengi hudhani tofauti ni starehe tu. Sivyo. Tofauti ni mahali pia, na melini mahali pana nguvu kuliko godoro.

Aliyepata kupanda basi katika barabara mbovu, akaketi kiti cha nyuma kabisa, ajua alivyorushwa, na aliyeketi katikati alisinzia. Meli ni hivyo hivyo. Omo hupanda na kushuka, shetri hupanda na kushuka, bali katikati hutikisika kidogo. Tena kadiri uendavyo juu ndivyo unavyoyumba zaidi kushoto na kulia, kama ndege aliyetua kwenye ncha ya mti kuliko aliyetua shinani. Basi chumba cha juu chenye dirisha, kile cha fahari, ndicho chenye kuyumba kuliko vingine usiku wa upepo. Chumba cha chini katikati hutulia. Walakini nacho kina hila yake: chaweza kuwa karibu na mashine, na mngurumo wake huingia mpaka katika meno, tena hewa ni nzito zaidi huko chini. Kwa hiyo usikimbilie chini kabisa. Tafuta katikati ya urefu wa meli, sitaha ile ile mnayoingilia kutoka gatini au iliyo jirani nayo, mbali na mashine, mbali na jiko, mbali na mahali pa mziki na vinywaji.

Msidhani nasema habari za upepo kwa kuwatisha. Ziwa letu lina tabia ambayo wavuvi waliijua kabla ya wataalamu: mvua zake kubwa na radi hupenda kuja usiku na alfajiri. Wataalamu wa hali ya hewa waeleza sababu yake. Usiku nchi kavu hupoa upesi, bali maji hubaki na joto lake. Basi upepo hutoka nchi kavu pande zote ukakutana juu ya ziwa, na ile hewa yenye unyevu husukumwa juu, ikawa wingu zito na radi. Ndiyo maana mtu hulala Mwanza nyota zikiwaka, akaamshwa katikati ya ziwa na ngurumo. Meli hustahimili, nahodha ameyazoea, lakini mzee aliyelala kitanda cha juu hajayazoea.

Hapo nimefika kwenye vitanda vyenyewe. Kitanda cha chini ni cha mzee na cha mama anyonyeshaye. Si jambo la kupigiwa kura. Kitanda cha juu ni cha kijana aliyekwisha pita miaka kumi au kumi na zaidi, asiyepiga mateke usingizini. Mtoto wa miaka 9 atakililia cha juu, maana kwake ngazi ni mchezo. Mwacheni apande jioni, acheze, ashuke, kisha alale chini. Mtoto mchanga alale upande wa ukuta na mama yake upande wa nje.

Tena chunguzeni ngazi. Ngazi za meli zetu ni za chuma, zina mwinuko mkali, na mvua ikinyesha huteleza. Mzee apandaye kwa shida mara moja jioni hataweza kushuka peke yake usiku wa manane, wala hataweza kushuka upesi ikiwa kuna haja. Kule Tanganyika, wasafiri wa ile Liemba ya kale, iliyoshushwa majini Kigoma mwaka 1915, walijua shida nyingine: katika vituo vingi meli haikufika ukingoni, bali watu walishukia mlangoni kuingia katika mitumbwi, mizigo ikirushwa, watoto wakipokewa mikononi. Mwenye mzee alijifunza kukaa karibu na mlango ule. Sisi wa Mwanza na Bukoba tuna magati, tushukuru, lakini neno ni lile lile: chumba cha mzee kiwe karibu na mlango wa kutokea, kisiwe mwisho wa ukumbi mrefu.

Na wanaorudi kutoka Bukoba wakumbuke Kemondo. Meli ikipita huko, hupakiwa shehena, ndizi zikiwa nyingi, kwa kelele za wapagazi. Mwenye usingizi mwepesi aombe chumba cha upande usioelekea gati.

Sasa, mama mpendwa, nirudi kwenye chumba chako cha watu sita. Wewe na mumeo na watoto wanne mwaweza kulala pamoja, hapana shaka. Lakini umewaacha wazee wawili juu, peke yao. Umeandika ya kwamba Babu masikio yake yamekuwa mazito. Saa nane Bibi akimwita hatasikia. Naye Bibi magoti yake hayamruhusu kumwinua Babu. Umewapa heshima, lakini umewanyima mikono.

Wengine wangesema, basi mpeleke binti juu pamoja na Bibi, na Babu ashuke alale nanyi chini. Hapo ndipo nasimama. Babu ni baba mkwe wako. Mkamwana na baba mkwe hawavui viatu chumba kimoja, sembuse kulala, tena na mtoto anyonye usiku. Najua vijana wa siku hizi watasema ni usiku mmoja tu, na kwamba melini hakuna mila. Mila ipo popote walipo watu wenye haya. Babu hatasema neno; atatoka, akae kwenye benchi la sitaha mpaka asubuhi katika baridi, akisema apenda kutazama maji. Nimewaona wazee wa namna hiyo. Watu huwapita wakidhani wanastarehe.

Shauri langu ni hili. Acheni daraja la kwanza. Ombeni vyumba viwili vya daraja la pili vya vitanda vinne, vinavyotazamana au vinavyofuatana, sitaha moja, katikati. Chumba kimoja kiwe cha wanawake: Bibi kitanda cha chini karibu na mlango, wewe na mtoto kitanda cha chini cha pili, binti juu ya Bibi. Chumba cha pili kiwe cha wanaume: Babu chini karibu na mlango, mvulana wa miaka 9 chini, yule wa 12 juu ya mdogo wake, na mumeo juu ya Babu, ili Babu akigonga ubao kwa fimbo, mwanawe ashuke. Kitanda kimoja kitabaki katika chumba chenu wanawake. Mkiweza kukilipia, kilipieni, mweke mizigo. Msipoweza, mwambieni karani mapema kwamba mwataka mwanamke mwenzenu, wala msingoje kuyaamua hayo mlangoni usiku. Na kama meli mtakayopanda ina vyumba vya sita tu, mpango ni ule ule, ila mtakuwa na wageni wawili watatu, wanawake kwa wanawake na wanaume kwa wanaume.

Haya yote yataka kwenda ofisini mapema na kumwuliza karani kwa maneno ya wazi. Usimwulize tu, "Mna nafasi?" Mwulize, "Chumba hiki kipo sitaha ya ngapi? Choo kipo ndani au nje, na hatua ngapi? Ngazi ngapi toka mlango wa kuingilia? Mashine zipo upande gani?" Mkiweza kuiona meli ikiwa gatini, afadhali zaidi. Karani mwema atajibu. Asiyejibu, mngojeni yule wa zamu ya mchana.

Kuna jambo moja lisilopendeza, nami siwezi kuliacha. Tarehe 21 Mei 1996 meli MV Bukoba, ikitoka Bukoba kwa njia ya Kemondo, ilipinduka ikiwa imekaribia Mwanza. Waliokufa wahesabiwa kuwa zaidi ya 800. Kati ya wasomaji wetu wapo waliozika watu wao kule Igoma, na wapo ambao hawakupata hata wa kuzika. Abiria wa daraja la kwanza na la pili waliandikwa katika orodha. Wa daraja la tatu hawakuwa na orodha, ndiyo maana hesabu kamili haikupatikana kamwe. Basi mkikata tikiti, hakikisheni kila jina limeandikwa, na la mtoto mchanga pia, hata kama halipiwi. Msikubali kusikia, "Huyu mdogo haandikwi." Kisha, mkiisha kuingia chumbani, kabla ya kufungua chakula, fanyeni mambo mawili. Tafuteni jaketi okozi, mzihesabu, na mwombe ndogo za watoto. Kila mtu avae yake mara moja, Bibi naye, hata mkicheka. Na mumeo awatembeze wavulana toka mlango wa chumba mpaka nje, kisha warudi wakiwa wamefumba macho, wakihesabu milango kwa mkono. Watoto hupenda mchezo huo, tena hawausahau. Na mkiona meli imejazwa kupita kiasi, watu wamelala mpaka ngazini, mnayo ruhusa ya kushuka. Upadrisho hauna budi kuhudhuriwa, lakini basi la asubuhi lipo.

Kabla sijamaliza, nimjibu pia kwa kifupi mama mwingine aliyenishika mkono baada ya Misa. Binti yake afanya kazi Ujerumani, naye ataka kuwachukua wazazi na wajukuu katika zile meli kubwa za matembezi zizungukazo bahari ya Mediterania, naye amemtumia orodha ya vyumba ili achague. Mama yule aliona majina mengi akachoka. Mama, majina ni mengi lakini aina ni chache: chumba cha ndani kisicho na dirisha, chenye dirisha lisilofunguka, chenye roshani, na vile vikubwa vya wenye fedha. Kanuni ya katikati na chini ni ile ile. Zile meli zina lifti, basi ombeni chumba kilicho karibu nayo, wala si mlango kwa mlango, maana watu hupita usiku kucha. Tazameni ramani muone juu ya chumba chenu pana nini. Ukumbi wa ngoma au jiko juu ya kichwa cha mzee si jambo jema. Angalieni sana neno moja: vyumba vinavyopakana si vyumba vinavyofunguana. Vya kwanza vina ukuta tu kati yao. Vya pili vina mlango wa ndani, na huo mlango ndio mnaoutaka, ili mjukuu aingie kwa bibi yake bila kutoka ukumbini. Roshani ni nzuri kwa mzee apendaye kukaa na rozari yake akitazama maji, lakini kwa mtoto wa miaka miwili mitatu ni jambo la kulindwa kila dakika. Mpeni roshani Bibi, na wazazi wenye mtoto huyo wachukue dirisha. Mtoto mchanga chini ya miezi sita meli nyingi hazimpokei kabisa, kwa hiyo ulizeni kabla ya kulipa. Na tikiti ile ya bei ya chini ambayo kampuni ndiyo itakayowachagulia chumba, waachieni vijana wasio na mzigo. Jamaa yenye wazee yaweza kutawanywa sitaha tatu mbalimbali.

Msidhani pia ya kwamba mwaweza kujibana watu watano katika chumba cha wanne kwa kuwa mmezoea kubanana nyumbani. Kila chumba kina hesabu yake, na hesabu hiyo hufungwa pamoja na nafasi za mashua za kuokolea. Dunia ilijifunza hayo kwa uchungu mwaka 1912 ilipozama Titanic, na mkataba wa kwanza wa mataifa juu ya usalama baharini ukafuata mwaka 1914. Na tangu ajali ya Costa Concordia huko Italia, Januari 2012, sheria ilikazwa ili abiria wafundishwe mahali pao pa kukusanyikia kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka. Bibi asiachwe chumbani akipumzika saa hiyo. Aende naye akapaone.

Sasa turudi Mwanza. Najua linalokusumbua zaidi ni shemeji yako wa Dar es Salaam. Yeye alisema daraja la kwanza, naye fedha ni yake. Asije akadhani mmewashusha wazazi wake ili mle tofauti ya bei. Mumeo ampigie simu, wala si wewe, amweleze habari ya masikio ya Babu na magoti ya Bibi, amtajie vitanda kimoja kimoja nani juu nani chini. Mtu aliye mbali hushika neno la daraja la kwanza kwa sababu hana kitu kingine cha kushika. Ukimpa picha ya mama yake amelala, na mjukuu wake yupo juu yake, atakubali. Fedha itakayobaki, kama itabaki, mrudishieni au mwulizeni itumike kwa nini. Bibi, nasikia, ataka pia kufika Kanisa Kuu la Bukoba kwenye kaburi la Kardinali Rugambwa; gari la kuwazungusha wazee siku hiyo si jambo dogo.

Lakini kabla ya simu hiyo kuna mtu wa kuulizwa, naye katika barua yako yote, kurasa nne, sikuona mahali alipoulizwa. Muulizeni Bibi. Nami sikumwuliza wangu. Huenda atasema hawezi kulala mbali na Babu, miaka hamsini hawajatengana. Au huenda atasema ataka mara moja tu katika maisha yake alale mahali penye dirisha, auone mji wa Bukoba ukija na kisiwa cha Musila mbele yake, na magoti yake yatajijua. Akisema hivyo, mpe daraja la kwanza yake na mzee wake, kwa moyo mmoja. Ila hapo mumeo asilale chumba cha sita. Atandike mkeka nje ya mlango wa wazazi wake, nahodha akimruhusu, au akate kiti kilicho karibu na ngazi ile, naye akae na sikio wazi.

Mama yangu mimi, tulipompata tena melini baada ya kubembeleza sana, alilala kitanda cha chini, daraja la pili, binti yangu juu yake. Nilikuwa kitanda cha pili. Hatukulala wote watatu, maana alisimulia hadithi mpaka saa tisa, mgeni wetu wa kitanda cha nne naye akicheka gizani. Alikunywa chai vikombe viwili jioni ile. Binti alishuka kumpeleka mara tatu.

Niandikie tena, mama, mkirudi, unieleze mlivyolala.